ALI BIN ISA AL-KAHHAL: TABIBU WA BAGHDAD ALIYETUFUNDISHA KULITAZAMA JICHO

  



Katika jarida letu la kila mwaka tumezoea kuwaletea maisha ya mmoja wa watu wakubwa waliotutangulia, ili vijana wetu wajue kwamba elimu haikuanza jana. Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye jina lake halitajwi sana katika darsa zetu, ingawa kwa karne nyingi matabibu wa macho kuanzia Baghdad hadi Venice walikuwa wakimtegemea. Huyo ni Ali bin Isa, aliyejulikana kwa lakabu ya Al-Kahhal.

Kabla ya kusimulia habari zake, inatupasa tueleze kwa nini tumemchagua, na hapo hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe.

KISA KILICHOTUFANYA TUMTAFUTE

Alikuwako mwanafunzi wetu mmoja, kijana wa miaka minane hivi, aliyekuja Karatu kukaa na mjomba wake akitokea vijiji vya juu upande wa Ngorongoro. Kila alipofunguliwa msahafu alikuwa akiyafikicha macho. Asubuhi alikuja na tongotongo, na nzi hawakubanduka usoni pake. Sisi walimu tulimwambia anawe uso, akanawa, na baada ya saa moja hali ikawa ile ile. Tukasema kijana huyu ni mvivu wa kusoma, machozi yake ni hila. Tukamwadhibu. Allah atusamehe.

Baadaye walikuja wahudumu wa afya kupima macho ya watoto. Mmoja wao alimketisha yule kijana penye mwanga, akanawa mikono, akashika nywele za kope zake na kuugeuza ukope wa juu nje ndani. Akatuita tutazame. Ndani ya ukope, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutazama, palikuwa na vipele vidogo vyeupe juu ya ngozi nyekundu, kama chenga za mchele zilizomwagwa kwenye kitambaa chekundu. Alivihesabu, akaandika katika karatasi yake, kisha akatuambia kwamba mtoto ana ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza: nyumbani anaishi na nani?

Kijana akajibu kwamba nyumbani kwao hulala na bibi yake, na kwamba bibi huyo ana kibano kidogo cha chuma cha kung'olea kope zinazomchoma. Jicho lake moja limekwisha kuwa jeupe.

Siku ile tulirudi nyumbani na aibu. Mtoto alikuwa na ugonjwa ulioonekana kwa macho matupu, ila ulihitaji mtu anayejua mahali pa kutazama. Ndipo tukaanza kuuliza: ni nani aliyewafundisha watu kuugeuza ukope, kutazama, na kuandika walichokiona? Majibu yakatupeleka Baghdad.

JINA LAKE NA ZAMA ZAKE

Ali bin Isa aliishi na kufanya kazi Baghdad mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11 Miladia, ambayo ni mwisho wa karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 5 Hijria. Wanafunzi wetu wasimchanganye na Ali bin Isa mwingine wa mji huo huo, yule waziri maarufu wa Bani Abbas aliyefariki mwaka 946. Waziri huyo naye ana sifa yake katika mambo ya afya, kwani ndiye aliyemwagiza mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit, apeleke matabibu na dawa magerezani, na pia kwenye vijiji vya mashambani ambako hakukuwa na tabibu. Wanaodhani kwamba kliniki ya kutembea vijijini ni jambo la juzi na watafakari hapo.

Lakabu ya Al-Kahhal inatokana na neno la Kiarabu kuhl, yaani wanja. Kwa kuwa dawa nyingi za macho zilikuwa unga uliosagwa na kupakwa kama wanja, tabibu wa macho akaitwa kahhal, mpaka wanja. Ilikuwa kazi yenye heshima na yenye masharti, kama tutakavyoona.

Baghdad ya wakati wake ilikuwa imepungua nguvu za kisiasa, kwani Khalifa alibaki na jina na utawala ukawa mikononi mwa maamiri wa Bani Buwayh. Lakini elimu ilikuwa bado iko juu. Mnamo mwaka 982 ilifunguliwa hospitali kubwa iliyoitwa Al-Adudi, kwa jina la mtawala Adud al-Dawla, na miongoni mwa matabibu wake walikuwamo matabibu wa macho waliofanya kazi hiyo peke yake. Kwa hiyo daktari bingwa wa macho, ambaye kwetu leo huenda ukamfuata Arusha au Moshi, alikuwako hospitalini Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

WALIOMTANGULIA

Ali bin Isa hakuanza katika jangwa tupu. Kabla yake Wayunani walikuwa wameandika, na mkubwa wao ni Galen. Kisha akaja Hunayn bin Ishaq (809–873), Mkristo wa mji wa Hira aliyefanya kazi Baghdad, ambaye alivifasiri vitabu vya Wayunani kwa Kiarabu na mwenyewe akaandika makala kumi juu ya jicho. Wataalamu wa zama hizo walisomeana vitabu bila kuulizana kabila wala dini ya mwandishi, maana jicho la mgonjwa ni jicho tu.

Katika zama zake mwenyewe alikuwako Misri tabibu mwingine hodari, Ammar bin Ali, mzaliwa wa Mosul, aliyekuwa akiwatibu wenye mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu ndani, akifyonza ule ukungu kupitia humo. Ammar alisifika kwa mkono wake. Ali bin Isa alisifika kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ndio uliomweka juu ya wote.

KITABU CHAKE

Kitabu chake kinaitwa Tadhkirat al-Kahhalin, yaani Ukumbusho wa Matabibu wa Macho. Alikiandika kwa ombi la rafiki aliyetaka kitabu kimoja kitakachomtosha. Katika dibaji anaeleza kwa unyenyekevu kwamba amevipekua vitabu vya wa kale, na kwamba cha kwake ni kidogo tu, yale aliyojifunza kwa wataalamu wa zama zake na yale aliyoyaona mwenyewe katika kazi.

Kitabu kina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza maumbile ya jicho. Ya pili inaeleza maradhi ya jicho yanayoonekana kwa nje, sababu zake, dalili zake na dawa zake. Ya tatu inaeleza maradhi yaliyojificha, ambayo tabibu hayaoni bali huyajua kwa kumsikiliza mgonjwa, na mwisho wake iko orodha ya dawa zaidi ya 140. Kwa jumla yametajwa maradhi yapatayo 130.

Mwanafunzi anayejifunza Kiarabu atafurahi kuyaona majina ya tabaka za jicho humo. Ile sehemu angavu ya mbele inaitwa qarniyya, kwa sababu ni kama pembe (qarn) iliyokwanguliwa ikawa nyembamba. Ile yenye rangi inaitwa inabiyya, kama ngozi ya zabibu (inab). Ile ya ndani kabisa inayopokea mwanga inaitwa shabakiyya, yaani kama wavu (shabaka). Wazungu walipovifasiri vitabu hivi kwa Kilatini waliyachukua majina kwa maana zake, na ndiyo maana hadi leo madaktari wa dunia nzima wanaitaja pembe wanaposema konea, na wavu wanaposema retina.

JINSI ALIVYOYATAJA YALIYO JUU YA JICHO

Hapa ndipo tunapofikia ubora wake hasa. Maradhi yanayokaa juu ya jicho na ndani ya kope yanafanana sana kwa mtu asiyejua. Yote huleta wekundu, machozi, na hisia kwamba kuna mchanga. Mtu wa kawaida husema tu kwamba macho yanauma. Ali bin Isa aliyapanga kwa mahali pake: kwanza ya ukope, kisha ya pembe ya jicho, kisha ya ule utando mweupe, kisha ya konea, na kuendelea ndani. Tabibu aliyekishika kitabu chake alilazimika kujiuliza kwanza: kitu hiki kimekaa wapi? Kisha: kina umbo gani, kina rangi gani, kigumu au laini, kimeanzia wapi na kinaelekea wapi?

Majina aliyoyatumia, mengi yakiwa ya waliomtangulia, ni kama picha. Kile tunachokiita chokea aliita shaira, kwa kuwa ni kirefu kama punje ya shayiri. Kivimbe cha mviringo ndani ya ukope aliita barada, yaani punje ya mvua ya mawe. Vile vijiwe vidogo vigumu vinavyojijenga ndani ya ukope, ambavyo hata leo madaktari huvitoa kwa ncha ya sindano, aliita tahajjur, kutokana na hajar, jiwe. Mishipa ya damu inayotanda juu ya konea kama utando wa moshi aliita sabal. Kinyama kinachoota kutoka pembe ya jicho iliyo upande wa pua na kutambaa kuelekea mboni aliita dhafara, kwa kufananisha na ukucha.

Kinyama hiki cha mwisho wengi wetu tunakijua. Huwapata sana watu wa juani, penye upepo na vumbi, kama wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na wachungaji wa nyanda za Ziwa Eyasi. Ali bin Isa alifundisha namna ya kukiinua kwa ndoano ndogo na kukikata, lakini akaonya: tabibu atofautishe vizuri kinyama hicho na ile nyama ya asili iliyomo katika pembe ya jicho. Akiikata nyama ya asili kwa kudhani ni ugonjwa, machozi ya mgonjwa hayatakoma tena. Tazameni jinsi kutambua kunavyotangulia kutibu. Mkono hodari bila jicho linalotambua humwongezea mgonjwa balaa.

Ama ugonjwa wa mwanafunzi wetu, yeye anauita jarab, yaani upele. Aliugawa katika namna nne. Ya kwanza ni wekundu na ukwaruzo mdogo ndani ya ukope. Ya pili, ukwaruzo umezidi, na pamoja nao maumivu na uzito. Ya tatu, ukope ukigeuzwa unaonekana umepasukapasuka kama tunda la tini lililokatwa. Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, ukope umekuwa mgumu na ugonjwa umekuwa mkongwe. Kila namna ina tiba yake, nyingine kwa dawa za kupaka, nyingine kwa kukwangua. Na katika mlango mwingine anaeleza habari ya kope zinazoota vibaya na kulichoma jicho. Yule bibi wa Ngorongoro angeweza kukutwa katika kurasa hizo.

Ni kweli kwamba hakujua chanzo chake. Alifuata elimu ya zama zake iliyosema maradhi hutokana na kuharibika kwa mchanganyiko wa maji ya mwilini. Vijidudu havikujulikana kuwa chanzo cha maradhi hadi karne ya 19, na kile cha vikope kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Dawa zake nyingi sasa zimeachwa. Lakini alichokiona alikiona sawasawa, na alichokiandika bado mtu anaweza kukitambua leo. Dhana zilipita, maelezo ya macho yakabaki.

KITABU BAADA YAKE

Kazi ya ukahhal haikuachwa holela. Vitabu vya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, vya karne ya 12 na kuendelea vinaagiza kwamba tabibu wa macho apewe mtihani: ataje tabaka saba za jicho, maji yake matatu na maradhi yake, na ajue kuchanganya dawa. Asiyejibu asiruhusiwe kugusa macho ya watu. Na vinaonya juu ya wapaka dawa wa njiani, ambao baadhi yao walitengeneza dawa bandia kwa wanga na gundi, wakatia rangi, wakawauzia watu.

Ibn Abi Usaybia (aliyefariki mwaka 1270), mwandishi wa wasifu wa matabibu ambaye baba yake pia alikuwa tabibu wa macho huko Sham, anashuhudia kwamba Ali bin Isa alikuwa mashuhuri katika kazi hii, na kwamba hakuna kahhal aliyeweza kukikosa kitabu chake. Kilifasiriwa kwa Kifarsi na kwa Kilatini, na Wazungu wakamwita Jesu Haly. Fasiri ya Kilatini ilichapishwa Venice mwaka 1497. Mwaka 1904 ikatoka fasiri ya Kijerumani iliyofanywa na Julius Hirschberg na Julius Lippert, na mwaka 1936 fasiri ya Kiingereza ya daktari Casey Wood. Mwaka 1964 matini yake ya Kiarabu ilichapishwa Hyderabad, India.

Ni mtu gani asiyetamani kuacha amali ya namna hiyo? Mwili uko kaburini, na elimu ingali inanufaisha.

HALI YA KWETU LEO

Turudi sasa Karatu na Ngorongoro. Vikope huletwa na kijidudu kiitwacho klamidia. Huhama kutoka jicho hadi jicho kwa njia tatu: mikono, vitambaa, na nzi wanaotua usoni kufuata tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, ndani ya ukope hufanyika makovu, makovu huvuta ukope, nywele za kope hugeukia ndani, na kila anapopepesa hulikwangua jicho lake mwenyewe. Mwisho wake konea huwa nyeupe, na mtu hupofuka akiwa mama au bibi. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume kwa sababu wao ndio wanaowalea watoto.

Wilaya ya Ngorongoro ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu ambako ugonjwa huu umekuwa sugu. Maji yako mbali, vumbi ni jingi, na familia za wafugaji huhama kufuata malisho, hivyo wagawa dawa hufika pengine wakute maboma yamehama. Jambo hili si la kumlaumu mtu wala kabila. Vikope vilikuwako hata London na Cairo, vikapungua palipokuwa na maji na usafi.

Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani liliweka alama tano rahisi ambazo hata mhudumu asiye daktari anaweza kuzitambua. Ya kwanza ni vipele vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, ndani ya ukope wa juu. Ya pili ni wekundu na uvimbe unaoficha zaidi ya nusu ya mishipa mikubwa ya damu ya hapo. Ya tatu ni makovu meupe. Ya nne ni walau unywele mmoja wa kope unaolisugua jicho. Ya tano ni weupe wa konea unaoziba mboni. Vifaa vinavyohitajika ni miwani ya kukuzia, mwanga, mikono safi, na kalamu.

Msomaji atauliza, kalamu ya nini? Ndiyo inayoamua kila kitu. Mtoto mmoja akitazamwa na asiandikwe, amesaidika yeye tu. Wakiandikwa watoto wa vijiji vingi, ndipo hujulikana kama wilaya nzima inahitaji dawa. Ikionekana kwamba kati ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, kumi au zaidi katika kila mia wana alama ile ya kwanza, basi watu wote wa wilaya hupewa dawa ya azithromaisini mara moja kwa mwaka, kwa miaka mitatu au zaidi. Wakishuka chini ya watano katika kila mia, hiyo ni dalili ya ushindi. Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeondokana na vikope, mwaka 2012. Baadaye Ghana nayo ikathibitishwa mwaka 2018, na jirani zetu Malawi mwaka 2022. Basi linawezekana.

NENO JUU YA WANJA

Kwa kuwa tumemtaja kahhal, hatuwezi kulipita suala la wanja. Kupaka wanja ni jambo lenye asili katika dini yetu na katika mila zetu za pwani, na hatukusudii kulikataza. Lakini ni amana kueleza mambo mawili. Kwanza, kijiti kimoja cha wanja kikipita katika macho ya watoto watano, kinaweza kuwagawia ugonjwa wote watano. Kila mtu awe na kijiti chake, na mwenye macho yanayouma aache mpaka apone. Pili, baadhi ya wanja unaouzwa madukani na mitaani, hata ukiitwa wanja wa manga, umepimwa na kukutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na zaidi kwa watoto wadogo. Tena unga wake ukipakwa kwa miaka huweza kuganda ndani ya ukope kama vidoa vyeusi. Ukijua kwamba mgonjwa hupaka wanja, mwambie daktari, asije akavidhania vidoa hivyo kuwa ugonjwa mwingine.

Vile vile tujihadhari na kutia jichoni maji ya majani, maziwa au mkojo kwa kuambiwa na jirani. Wengi wamelipoteza jicho ambalo lilikuwa likiuma kidogo tu.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Tutazame kabla ya kuhukumu. Sisi walimu tulihukumu uvivu pale palipokuwa na maradhi. Mwanafunzi anayefikicha macho, anayekunja uso kwenye ubao au anayekwepa mwanga, apelekwe kituo cha afya kabla hajaadhibiwa.

2. Tuandike tunachokiona. Ali bin Isa aliandika, na waliokuja baada ya miaka elfu wamemwelewa. Mzazi ana daftari la kliniki ya mtoto, basi alitunze. Mwalimu ana daftari la mahudhurio, basi aandike humo ni nani macho yake yanatoa machozi, na tangu lini.

3. Udhu ni neema kwa macho, lakini usiharibiwe na kitambaa. Mtoto huosha uso mara nyingi kwa siku, kisha anajifuta kwa khanga ya mama ambayo mdogo wake mwenye tongotongo amekwisha kuitumia. Kila mtoto awe na kitambaa chake, au auache uso ukauke wenyewe. Penye shida ya maji, kibuyu chirizi hutosha watoto wengi kwa ndoo moja.

4. Tuchimbe vyoo na tuvitumie. Nzi wa vikope hupenda kuzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa ardhini.

5. Tuwatazame wazee wetu. Mwenye kibano cha kung'olea kope ni mgonjwa anayehitaji upasuaji mdogo, unaofanywa kwa ganzi na kumalizika kwa muda mfupi. Tusingoje mpaka jicho liwe jeupe, kwani weupe huo ni vigumu kuuondoa.

6. Elimu ni deni. Ali bin Isa alichukua kwa waliomtangulia, akaongeza cha kwake, akakiri kwamba ni kidogo, akawaachia waliofuata. Kijana wetu anayesoma sayansi sekondari asidhani ametoka katika njia ya wanazuoni.

HITIMISHO

Wasomaji watataka kujua mwisho wa kile kisa. Kijana alipewa dawa, na wenzake wote wa nyumbani kwa mjomba wake wakapewa, maana kumtibu mmoja na kuwaacha anaolala nao ni kazi bure. Mjomba alipanda gari hadi kijijini, akamchukua mama yake. Lile jicho jeupe halikurudi. Jicho la pili lilikuwa bado linaona, likafanyiwa upasuaji, na kope zikarudishwa mahali pake. Bibi alikaa Karatu wiki mbili. Siku moja alikuja mpaka barazani petu kumsikiliza mjukuu wake akisoma, akamtazama tangu mwanzo wa sura hadi mwisho, kisha akauliza nani aliyekuwa akimpiga mtoto huyu. Tulinyamaza, kisha tukamwomba radhi mbele ya wanafunzi wote. Akacheka, akatusamehe, na kile kibano akatuachia. Tumekiweka katika kabati la madrasa, karibu na daftari la mahudhurio, ili kila mwalimu mpya aulize ni cha nini.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, awape shifaa wagonjwa wetu, awalipe kheri wote wanaozunguka vijijini kuwatazama watu, na atujaalie tuwe wenye kuona kabla ya kusema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.